Fort Jesus, Jumba na Gede kwa siku moja? Dada, usitume hiyo pesa

Dada uliyeuliza humu kuhusu kuwatembeza watoto wako sehemu za kihistoria za pwani, kama bado hujatuma pesa ya kushikia gari, usitume. Fort Jesus, ile ngome ya Wareno Mombasa, asubuhi, magofu ya Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa mchana, magofu ya mji wa Gede jioni, watoto watatu na kitinda mimba ana miaka mitano: ratiba uliyoiweka hapa ndiyo ile ile tuliyouziwa sisi.

Huyo mwenye gari wetu alitwambia watoto "wataona historia yote ya pwani kwa siku moja". Alitutoza kwa kila kituo, na ndiyo maana alivirundika. Angalia bei uliyopewa: kama nayo inapanda kwa idadi ya vituo, basi aliyekupangia safari amejipangia yeye.

Tulichelewa kuondoka kwa kungojea familia nyengine. Pale Ngomeni, yaani Fort Jesus, jua lilikuwa lishapanda, na mwenye gari akaanza kutukimbiza kabla watoto hawajavuka ua. Wakapita mbele ya ile michoro ya askari wa Kireno, meli zilizochorwa ukutani kwa mkono wa mtu aliyekaa mle mle ngomeni, hata hawakugeuza shingo. Kisha foleni ya Mtwapa. Jumba, msikiti ulio karibu na bahari, mibuyu, yote tuliyaona kwa kupita, kwa sababu "Gede watafunga". Kutoka Mombasa hadi Gede ni kama kilomita 100, na binti yangu alitapika kabla ya Kilifi.

Na Gede ndiko nilikoumia. Mwanangu mkubwa alikuwa amejitayarisha kwa lile kaburi lenye tarehe, ambalo limeandikwa mwaka 802 wa Hijria. Nyumbani tulishafanya hesabu ya kuugeuza uwe mwaka wa Miladi: 802 mara 0.97, ongeza 622, unapata 1399 na ushei. Alitaka kusimama pale mwenyewe, alitafute, aliguse kwa macho, kisha atembee hadi Msikiti Mkuu na ajiulize watu waliojenga mji mzima wa mawe ya matumbawe msituni walikwenda wapi. Tulifika mlinzi anahesabu wanaotoka. Alilipata kaburi, akafungua daftari, akaitwa garini. Hakuandika kitu. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na wiki iliyofuata nikitoa kitabu cha historia, anasema kichwa kinamuuma. Pesa zilikwenda, sawa, pesa hutafutwa. Hamu ya mtoto ikishauawa, nani atakurudishia?

Na msije mkaniambia watoto wangu legelege. Ni hawa hawa wanaopiga mpira Makadara mpaka adhana ya magharibi.

Kwa hiyo kanuni yangu, na siibadilishi kwa mtu: siku moja, mahali pamoja. Anza na Fort Jesus kwa sababu iko mlangoni mwako. Fika wakifungua, kabla mawe hayajashika moto. Waache watoto wapande ukutani na waone wenyewe kwamba ngome imekaa kama mtu aliyelala chali. Chagua swali moja tu la kutoka nalo. Letu lilikuwa: Wareno na watu wao walikaaje humu ndani walipozingirwa na Waomani kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698? Hapo mtoto anatafuta kisima, anatafuta mahali pa kulala, anapima unene wa ukuta kwa mikono. Vyombo vilivyotolewa kwenye Santo António de Taná, meli iliyozama mbele ya ngome 1697, vimo mle mle, na sasa vina maana kwake, kwa sababu meli ile ilikuja kuwaokoa wale wale anaowaulizia. Mkubwa akitaka kuendelea, mwambie Waingereza waligeuza ngome hiyo gereza mpaka 1958, lakini hilo ni la siku nyengine. Siku nyengine, dada! Hata kama mko hapo hapo.

Mkishatoka, viazi karai na madafu, kisha nyumbani, aandike angali anakumbuka. Jumba mpe siku yake, ni karibu tu, na nenda na nguo za kubadilisha kwa sababu bahari iko hapo na hawatakubali kurudi wakavu. Gede weka likizo, mlale Watamu au Malindi kama mna jamaa, muingie asubuhi. Na chakula kisibebwe wazi, kule kima wanapora.

Uliuliza pia kuhusu kuoanisha safari hizi na mtaala na fomu za kujaza. Hayo wapo humu wanaoyajua vizuri, watakujibu. Mimi nataka tu uniambie leo: umemjibu nini huyo mwenye gari? Kama anashikilia lazima vituo vitatu, panda matatu hadi mjini, tuktuk hadi Ngomeni, na pesa iliyobaki wanunulie madaftari yenye karatasi nyeupe za kuchorea.