Windows, Mac au Linux? Anza na faili lako la kazini

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una kompyuta mpakato ya mwaka 2016 yenye Windows 10, kazini unaandaa hesabu kwa Excel, nyumbani watoto wanaigombania kwa masomo na michezo. Sasa hujui ununue mashine ya Windows 11, uhamie Mac au uweke Linux, mfumo wa bure. Waliotangulia kukujibu kila mmoja kavutia kwake. Mimi nimetumia mifumo yote mitatu, miwili natumia hadi leo, na wala sina timu.

Habari ya mfumo upi ni bora iache kwanza. Chukua faili moja la kazini, lile ambalo likigoma kufunguka siku ya mishahara simu zitaanza kuita, ulifungue kwenye mfumo unaoutamani kabla hujatoa hela. Siyo faili la majaribio. Lile lile, pamoja na makro zake (amri zilizowekwa ndani ya faili ili lifanye kazi lenyewe) na printa utakayolichapia. Mara nyingi ubishi wote unaishia hapo.

Excel ya Mac ni Excel kweli, na makro nyingi za VBA (lugha zinazoandikiwa) zinaenda. Zinazokwama ni zile zilizojengewa vitufe vya ActiveX, teknolojia ya Windows, na Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi, haimo. Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, ndiyo haipo kabisa. Kwa Linux hakuna Excel ya kusakinisha. Kuna ya kwenye kivinjari, ambayo faili lenye makro inalifungua lakini makro zenyewe haiziendeshi, na kuna LibreOffice, programu za bure za ofisi. LibreOffice naitumia kila siku na siidharau hata kidogo. Barua, ripoti na majedwali ya kawaida inayamudu vizuri. Ila faili la hesabu lililojengwa na mtu mwingine miaka mingi iliyopita, lenye makro juu ya makro, usilitumainie huko.

Halafu kuna jambo dogo linalowaudhi wengi na hawajui chanzo chake. Mwenzako kakutumia barua aliyoiandika kwenye Windows, unaifungua kwenye Linux, jedwali lililokaa vizuri ukurasa mmoja limemwagikia ukurasa wa pili na sehemu ya sahihi imebaki huko peke yake. Mtu anasema LibreOffice mbovu. Mara nyingi kisa ni fonti: barua iliandikwa kwa Calibri, mashine yako haina Calibri, programu imechomeka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi, basi kila mstari umesogea. Sakinisha fonti ya Carlito, na Caladea kwa zile za Cambria. Herufi zake zimetengenezwa kwa upana ule ule, na mistari inarudi ilipokuwa. Kwenye Mint na Ubuntu (aina mbili za Linux) vifurushi vinaitwa fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea. Kwa nyaraka ambayo haitahaririwa tena, ombeni PDF tu, yaishe.

Sasa mashine yako. Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025. Anayejiandikisha anapata masasisho ya usalama ya nyongeza hadi Oktoba 13, 2026, kwa hiyo hiyo ni pumzi tu. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa chache mno za kizazi cha 7. Ya mwaka 2016 haifiki hapo. Ndiyo, zipo njia za kuruka ukaguzi na kupiga Windows 11 kwa nguvu, na wapo mafundi watakuambia inaruka kama kawaida. Inawaka, sikatai. Ila Microsoft hawakuhakikishii masasisho kwenye mashine ya namna hiyo, na mimi mashine yenye mishahara ya watu siwezi kuiendesha kwa kubahatisha.

Mac nitaipitia haraka. Zile zenye chipu za Apple wenyewe, kuanzia M1 ya mwishoni mwa 2020, zinakaa na chaji vizuri sana na hazina kelele. Angalia mambo mawili. Kwanza, usiingie mkenge wa Mac za Intel zilizotumika kwa kuwa bei imeshuka. Imeshuka kwa sababu: macOS Tahoe ya 2025 ndiyo toleo la mwisho linalozikubali. Pili, RAM huongezi baadaye, kwa hiyo unanunua ya kukutosha siku ile ile. Kama una diski ya nje uliyoitumia na Windows, ikiwa ni NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) Mac itaisoma lakini haitaandika humo. Diski ya kuhamishia mafaili ifomati kwa exFAT, mifumo yote itaelewana nayo. FAT32 nayo inakubalika kote, ila faili moja lisivuke GB 4, na video za watoto zinavuka.

Kuna waliokushauri uweke Windows na Linux kwenye diski moja. Mimi sikushauri, labda uwe unapenda ufundi. Windows huandika saa ya eneo lako kwenye saa ya ndani ya mashine, Linux huichukulia saa hiyo hiyo kuwa ni UTC, saa ya dunia isiyofuata eneo. Ukitoka huku kwenda kule saa imeruka, kikao unakikosa, na unaanza kuhisi betri ya ubao imekufa. Inarekebishika upande wa Linux kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1, lakini ni nani atakayemweleza hayo mtoto wa darasa la sita? Tena Windows ikiwa na ile kuwaka haraka (Fast Startup), haizimi kikamilifu. Inalala, na Linux ikiikuta sehemu ya Windows katika hali hiyo inakataa kuandika humo. Na bado sijazungumzia BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo. Kama diski imefungwa nayo, tafuta kwanza ufunguo wa kuirejesha, mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft, ndipo uanze kugawa diski. Bila ufunguo ule data imekwenda.

Ningekuwa wewe ningetenganisha. Kazi ibaki Windows 11, na kama umeajiriwa mwajiri akupe mashine. Hesabu za ofisi kukaa kwenye kompyuta ambayo watoto wanapakulia michezo si sawa, mfumo uwe wowote. Hiyo ya 2016 iwe ya nyumbani na iwekewe Linux Mint. Matoleo ya 22 yanapata masasisho hadi 2029, na sura yake haimshtui aliyezoea Windows: menyu iko chini kushoto pale pale.

Usisakinishe siku hiyo hiyo. Iwashe kutoka kwenye fleshi yenye Mint bila kugusa diski, uzungukie Wi-Fi, sauti, kamera, printa. Kisha funika mfuniko, subiri kidogo, ufungue. Ikiamka na kushika Wi-Fi yenyewe, sehemu ngumu imepita, maana hapo ndipo mashine nyingi za zamani hugoma. Kasi usiihukumu kwa fleshi, ikishasakinishwa inakuwa nyepesi zaidi.

Kwa michezo waulize watoto majina kabisa. Ya Steam, duka la michezo mtandaoni, mingi inacheza kwa sababu ya Proton, programu ya kuendeshea michezo ya Windows kwenye Linux, iliyotoka 2018, lakini Fortnite na Valorant hazikubali Linux, kwa kuwa mifumo yake ya kuzuia udanganyifu mchezoni haijafunguliwa huko. Kama hiyo ndiyo inayochezwa nyumbani, Mint italeta kesi kila jioni.

Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, fungua machache kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanafunguka, halafu taja hapa modeli ya mashine na ya printa. Printa zinazochapa kupitia simu bila draiva huwa hazina shida. Zile kongwe za waya ndizo za kuangalia moja moja.