Sheha wake yuko wapi?

Mhariri, assalaam alaykum.

Swali lenu la wiki limeuliza: "Filamu ya kutisha yenye damu nyingi, ni lazima mambo yake yaweze kutokea kweli ndipo ikutishe?" Nimelisoma nikiwa buchani, mikono ina mafuta, simu ikaniponyoka ikaangukia kwenye mizani. Nikasema hili nalijibu. Mimi ni muuza nyama hapa Wete, Pemba, mwaka wa 17 huu, na usiku nikishaoga ni mpenzi wa muvi za kutisha. Mke wangu hanielewi. "Mchana kutwa uko na damu, usiku unaifuata tena, hukinai?"

Sikinai, wala siko peke yangu. Baada ya Isha tunakuwa wanne barazani kwangu: mimi, muuguzi, mwalimu wa skuli na dereva wa daladala ya Chake. Dereva ndiye mwenye fleshi. Laptopu ya mwalimu tunaipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, spika pembeni, kahawa na kashata katikati. Muvi ya saa moja na nusu hutuchukua saa tatu, maana haipiti muda mtu hajanyoosha mkono: "Simamisha hapo! Hilo haliwezekani."

Nianze na damu, kwa kuwa ndiyo watu huniuliza mimi. Damu ya muvi haigandi. Mtu kauliwa magharibi, polisi wanafika asubuhi, sakafu bado nyekundu inang'aa kama sharubati. Njooni machinjioni alfajiri. Damu ikitoka ni nyekundu kweli, ina povu na mvuke. Ngoja dakika kumi tu, imeshaanza kushikamana. Ukiigusa kwa kijiti inatikisika kama faluda. Jua likipanda imeshakuwa hudhurungi, kingo zimepasuka kama tope lililokauka, na nzi wamemtangulia mteja wa kwanza. Tena wingi wake! Ng'ombe wetu wa kienyeji akichinjwa, damu inayomtoka haijazi ndoo ya lita 10. Mtu mzima mwili wake wote una kama lita 5, na hazitoki zote. Lakini nimeona mtu kapigwa panga moja, ukuta umelowa mpaka dari.

Sasa mtadhani hayo huniharibia. Hata. Alfred Hitchcock alipotengeneza Psycho mwaka 1960, ile damu inayozunguka na maji ya bafu ilikuwa sharubati ya chokoleti. Filamu haikuwa ya rangi, nani angejua? Na kisu kinachosikika kikiingia mwilini kilikuwa kikichoma tunda la jamii ya tikiti. Mimi ninayeijua damu kwa harufu yake gizani, siku ya kwanza kuiona sehemu ile nilimwaga kahawa mapajani. Chokoleti na tikiti! Kwa hiyo damu tuiweke kando, siyo inayonitisha wala siyo inayonikera.

Muuguzi ugomvi wake ni leso. Adui anakuja kwa nyuma, anamziba mtu pua kwa leso yenye klorofomu, moja, mbili, tatu, mtu kalala. Anasema dawa ile huchukua dakika kadhaa, tena huyo mtu awe anaivuta mfululizo, na ukizidisha huenda asiamke tena. "Dakika tano za kushikana mieleka," husema, "mpaka hapo mtaa mzima ushajaa." Kauli hii ishikeni, nitairudia.

Ubishi uliotuchukua wiki nzima ulikuwa wa Saw, ya mwaka 2004, iliyoongozwa na James Wan. Kwa asiyeijua: watu wawili wamefungwa minyororo miguuni ndani ya choo kibovu, baina yao imelala maiti kwenye dimbwi la damu. Wamepewa misumeno ambayo haikati mnyororo. Mwisho mmoja wao, tena daktari, anajikata mguu. Dereva akaapa kwamba mfupa haukatiki kwa msumeno ule. Wote wakanigeukia mimi.

Nikawaambia mfupa si kitu. Mfupa kwa msumeno ni kama ukuni mkavu. Kazi iko kwenye ngozi na nyama. Yale meno madogo ya msumeno wa chuma hujaa mafuta na nyuzi, ukivuta yanateleza, ngozi inakwenda na kurudi nayo haikatiki. Ndiyo maana bucha yoyote kisu hutangulia, msumeno hufuata. Nikaongeza kwamba lau ni mimi, nisingehangaika na mfupa hata kidogo, ningetafuta kiungo, nikapitisha ncha kwenye kano, mguu unaachia wenyewe. Pakawa kimya. Dereva akasogeza kikombe chake mbali nami.

Na ile maiti, mnaoijua mnajua, si maiti. Ni mzima, kalala kifudifudi muda wote akiwasikiliza, mwisho anainuka. Mwalimu alikataa katakata: mtu hawezi kulala saa zote hizo asijikune, asipige chafya. Dereva akamjibu kwamba mwanawe wa miaka saba akitaka kukwepa chuo cha Kurani hulala vivyo hivyo, umpige, umtekenye, hatikisiki. Hilo hatukulimaliza hadi leo.

Mwalimu ndiye aliyetuletea habari ya Aron Ralston. Huyu ni mtu wa kweli, Mmarekani mpanda milima. Mwaka 2003, akiwa peke yake kwenye korongo jimboni Utah, jiwe kubwa lilimbana mkono akakaa nalo siku tano. Alikuwa na kisu kidogo, tena kibutu, hakikati mfupa. Akaipinda mifupa ya mkono wake mwenyewe mpaka ikavunjika, ndipo akakata nyama, akatoka, akatembea mpaka akakutana na watu. Yu hai. Dereva akatikisa kichwa: "Ingekuwa muvi ningesema simamisha hapo." Mwalimu akamwambia ishafanywa muvi, mwaka 2010.

Ndipo nilipoanza kuona kwamba "inawezekana" na "naiamini" ni ndugu wasiosalimiana.

Kuna kisa kingine cha kweli kilichonikaa vibaya. Ruggero Deodato, Mtaliano, alitoa filamu ya walaji watu mwaka 1980, Cannibal Holocaust. Ilifanana na kweli hata mahakama ya Italia ikaikamata na yeye akashukiwa kuua waigizaji wake. Ikabidi awalete, wazima na nguo zao, ndipo akaaminiwa. Wapenzi wa muvi hukisimulia kisa hiki kama sifa. Hawapendi kusimulia kwamba wanyama walikufa kweli mbele ya kamera, na mmoja ni kobe mkubwa wa mtoni aliyekatwakatwa. Mimi nachinja karibu kila siku. Kisu nakinoa mbali na mnyama, nampa maji, namlaza, natamka bismillahi, na nyama yake inaliwa. Sehemu ile ya kobe ilinishinda, nikainuka nikaenda kukaa jikoni kwa mke wangu. Akacheka: "Leo umekinai?" Kama ukweli mnaouulizia ni ule, mimi simo. Nipeni tikiti.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Muvi moja tuliitazama mwaka jana, jina limenitoka, jamaa anaishi peke yake kwenye nyumba kubwa, chini kuna ghala la minyororo na meza ya chuma, anateka watu mmoja mmoja. Sisi watatu tumekunja miguu kwa hofu. Dereva akanyoosha mkono. "Yakhe, huyu sheha wake yuko wapi?"

Tulicheka mpaka kahawa ikapoa, lakini swali lile limetukaa. Kwetu mgeni akilala siku mbili sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, keshajua katoka wapi, kafikia kwa nani, na amekuja na begi la rangi gani. Ukihamia nyumba sharti upite kwake. Huyu jamaa minyororo yote ile kamnunulia nani? Mafundi waliomjengea lile ghala hawana midomo? Mimi langu la kibucha: anakula nini? Watu wa muvi hizi hawaendi sokoni. Katika miaka 17 hii najua nani ana mgeni, nani kaachika, nani kaanza dawa ya presha, kwa kuangalia kilo tu. Mteja wa nusu kilo akichukua kilo tatu siku ya kawaida, jioni mtaa mzima unaulizana kuna nini pale.

Mwalimu, kama kawaida yake, hakutuacha tukafurahi. Akatuambia Marekani si Pemba, na akatutajia Ed Gein, wa Plainfield, Wisconsin. Mtu huyu alikamatwa mwaka 1957, nyumbani kwake pakakutwa vitu alivyovitengeneza kwa ngozi na mifupa ya watu, wengi wao kawafukua makaburini. Muvi nyingi za kutisha zimezaliwa na kisa chake. Na majirani walimjua! Walimwona mtu wa ajabu kidogo asiye na madhara, wengine wakimwachia watoto awaangalie. Dereva hakuwa na la kusema, na mimi usiku ule nililala vibaya. Ghala la chini halikunitisha kama wale majirani waliokuwa wakimsalimia njiani.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hili: naomba watu wawe wa kweli, mengine natoa ruhusa. Leteni jini, leteni maiti anayefufuka, leteni msumeno usioteleza. Lakini mtu akipiga kelele, nionyesheni nani kasikia, na kama hakuna aliyekuja, nionyesheni kwa nini.

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa, yule jini wa usiku, Popobawa, alipoingia Pemba kabla ya kuvuka kwenda Unguja. Yanayosemwa kwamba huwafanyia watu siyaandiki hapa, gazeti lenu linasomwa na watoto. Hakuna aliyemwona sawasawa, hapakuwa na hata tone la damu. Tulilala nje mtaa mzima, mikeka imeunganishwa, moto katikati, wanaume wakipokezana kukesha. Nilimtazama baba, mtu aliyekuwa akienda dago, kuvua mbali na nyumbani, na ngalawa usiku wa kaskazi bila wasiwasi, namwona anahesabu vichwa vya wanawe, anamaliza, anaanza tena. Hakuna muvi iliyonifikisha pale tena, na nimetazama nyingi. Ukiniuliza leo kama Popobawa yupo, nitakwambia niache nifunge bucha.

Nimalizie na la mwezi uliopita. Dereva alileta muvi ya binti aliyetekwa na kufungwa kwenye nyumba ya msituni. Msimu wa karafuu, majamvi yamekunjwa ukutani, harufu imejaa baraza. Spika ya mwalimu ni mpya na haina adabu. Binti akapiga ukelele mmoja, kuku wangu wakaamka. Haikupita dakika: kijana wa nyumba ya nyuma huyo, kifua wazi, panga mkononi. Nyuma yake mzee na tochi. Nyuma ya mzee, Bibi wa nyumba ya pili, kajifunga kanga kiunoni, mchi begani.

"Nani analia hapa? Nani anampiga mwenzake?"

Tukawaonyesha laptopu. Kijana aliona haya akaficha panga, mzee akazima tochi akaomba kahawa. Bibi akainama akamtazama yule binti kwa karibu.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Ni muvi, Bibi. Watu wa Marekani."

"Nauliza mtoto wa nani. Ameanza kulia lini?"

Mwalimu akatazama saa. "Nusu saa hivi, Bibi."

"Nusu saa! Na majirani?"

"Hakuna majirani, ni msituni."

"Ngezi nako msitu," Bibi akasema, "na watu wapo." Akavuta mkeka, akakaa, mchi mapajani. Hakutaka tusimamishe, hakutaka kuambiwa habari za mwongozaji wala za damu ya bandia. Na kila binti yule alipopiga kelele, Bibi alimjibu, si kwa sauti kubwa: "Twaja, mwanangu. Twaja."