GRUB inakurudishia kerneli, data hairudishi

Mkuu, toa mkono kwenye kibodi kwanza.

Eti umeandika unataka kuweka rc1, toleo la kwanza la majaribio la kerneli mpya (kiini cha Linux), kwenye laptopu ya kazi, ili waifai mpya ishike na betri idumu, halafu "ikizingua narudi ya zamani kwenye GRUB", ile menyu ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha. Maneno hayo hayo nililishwa na mjuzi mmoja, kwa uhakika wa mtu aliyeandika kerneli yenyewe, na diski nzima ikaenda. Nacheka sasa kwa sababu machozi yaliisha.

Kerneli mbovu iliyogoma kuwaka haina shida, unachagua ya jana na maisha yanaendelea. Ya kuogopa ni ile inayowaka vizuri huku inaandika pasipo pake. Cheki 5.12-rc1 ya 2021: ukitumia faili la swapu (nafasi ya diski inayobeba ziada ya RAM), kerneli ilisahau faili hilo linaanzia wapi kwenye diski, ikamwaga kurasa za kumbukumbu juu ya mfumo wa faili. Mwenye patisheni ya swapu, yaani kipande cha diski kilichotengwa kwa kazi hiyo, hakuguswa. Mwenye RAM ya kutosha naye hakuona kitu, mpaka siku RAM ilipojaa. Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, aliibatiza upya jina: 5.12-rc1-dontuse. Sasa rudi kwenye 5.11, kerneli ya kabla yake, uone: inasoma kwa uaminifu kabisa takataka zilizokwisha andikwa.

Halafu fsck, programu ya kukarabati mfumo wa faili, inaokota vipande na kuvirundika kwenye saraka ya lost+found kwa majina ya namba. Usiku rsync yako ya kunakili bekapu, yenye `--delete` (futa kule kisichopo huku), inakuta saraka haipo huku, inaifuta na kule. Bekapu imekwenda, na hakuna kosa hata moja lililoonyeshwa.

Wale wa "mimi natumia rc kila siku" waulize diski zao zina nini. Mfumo mtupu wanaoupangua kila Ijumaa! Na rc1 ndiyo mbichi kuliko zote: wiki mbili za kumimina msimbo mpya ndiyo kwanza zimeisha, marekebisho yanakuja kila wiki hadi rc7 au rc8.

Kanuni ni moja: kerneli ya majaribio isipandishe (mount) diski yenye kitu utakachokililia. Sakinisha mfumo mwingine kwenye SSD ya USB. Humo, diski ya ndani isiwepo kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kupandishwa wakati wa kuwaka), `lsblk` isiionyeshe imepandishwa popote, na `swapon --show` isitaje chochote chake. Diski ya bekapu ichomolewe. Kuchomolewa kabisa, siyo "nitakumbuka kutoigusa". Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, itaikataa kerneli isiyosainiwa, na ZFS (mfumo wa faili) inayojengwa upya kwa kila kerneli kupitia DKMS huenda isijijenge kabisa. Hayo ni maudhi tu.

Hiyo waifai, kabla ya yote endesha `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ikilalamika imeshindwa kupakia faili, unachokosa ni linux-firmware mpya, kifurushi cha faili zinazoendesha vifaa kama kadi ya waifai. Isasishe, zima, washa, kisha bandika hapa matokeo. rc1 iache ilipo.