Tajiri anasema mbao haina madhara: je, ni kweli?

SWALI: Daktari, mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam. Kwa miaka 16 kazi yangu kubwa imekuwa kupiga msasa wa mashine vitanda na makabati ya mninga na mkongo. Jioni nikipenga kamasi, hutoka ya rangi ya kahawia. Mwenzangu ananiambia kuwa vumbi hili huleta saratani, lakini tajiri wangu anasema mbao ni kitu cha asili, haina madhara. Nani mkweli? Na barakoa ya kitambaa inatosha?

JIBU: Ndugu fundi, mwenzako ndiye mkweli. Tangu mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani, hasa saratani ya ndani ya pua na ya matundu ya mifupa ya uso yanayoizunguka. Hoja ya uasili haina uzito hapa, kwa kuwa tumbaku nayo ni jani tu.

Waliofumbua jambo hili ni madaktari wa Uingereza katika miaka ya 1960. Katika mji wa High Wycombe, uliosifika kwa viti vyake, daktari wa pua Esme Hadfield aliona kwamba aina moja ya saratani ya pua, iliyo nadra mno kwa watu wengine, ilikuwa ikiwapata mafundi samani mara kwa mara kupita kiasi. Wengi walikuwa wamevuta vumbi la mbao ngumu kwa miongo kadhaa kabla ya ugonjwa kujitokeza. Nisikutie hofu isiyo na kipimo: hata miongoni mwa maseremala, wanaoipata ni wachache. Hata hivyo, ni ugonjwa unaozuilika, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapoingia karakana na kukuta kijana ameinama juu ya mashine huku nyusi zake zimekuwa nyeupe kwa unga.

Maranda ya randa ya mkono huanguka miguuni pako, lakini msasa wa mashine husaga mbao kuwa unga mwepesi unaoelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Jaribu jioni moja: zima taa, washa tochi kwa ubavu, utaona wingu ulilokuwa ukilivuta mchana kutwa. Sehemu kubwa ya unga huo hunaswa puani, na kamasi yako ya kahawia ndiyo ushahidi wake. Kwa kawaida vinyweleo vidogo mno vilivyomo ndani ya pua huusukuma nje pamoja na kamasi, lakini kwa mtu anayeuvuta kila siku usafishaji huo hupungua kasi, na vumbi hukaa juu ya ngozi laini ya ndani kwa muda mrefu zaidi. Chembe ndogo kabisa hupita hadi mapafuni, ambako huweza kuleta pumu. Vumbi la mvule linajulikana sana kwa hilo.

Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tumia ile ya kuchuja vumbi laini, iliyoandikwa N95 au FFP2, ikiwa imebana vizuri usoni, ukijua kwamba ndevu huacha upenyo. Hata hiyo ni kinga ya mwisho. La kwanza ni kulikamata vumbi linapozaliwa, kwa mashine ya msasa iliyounganishwa na bomba la kunyonya. Msipulize meza wala nguo kwa kompresa, na sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa. Mwambie tajiri wako, kwa heshima, kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kinga.

Kamasi ya kahawia peke yake si dalili ya saratani. Ila pua ikiziba upande mmoja tu kwa wiki kadhaa, au ikitoka damu upande huohuo mara kwa mara, usiendelee kununua dawa ya mafua dukani. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na kabla hajakuuliza lolote, mwambie kuwa wewe ni seremala na umepiga msasa kwa miaka 16.