Mbu Kambini, Betri Asubuhi

SWALI: Ndugu Mhariri, tunapokwenda Hifadhi ya Kundelungu tunalala ndani ya gari lenye betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Taa ya buluu ya kuulia wadudu, ya wati 40, inawaka usiku kucha, na asubuhi friji imezimika huku mbu wakiwa wametuuma vilevile. Tufanyeje? — Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, taa hiyo ikiwaka kwa muda wa saa kumi hula Wh (wati-saa) 400, bila kuhesabu umeme unaopotea katika kigeuzi, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ilhali betri ya risasi na asidi, isiyopaswa kushushwa chini ya nusu ya chaji, hukupa takriban Wh 600 tu kati ya 1,200 (volti 12 mara Ah 100), na friji nayo inadai fungu lake. Ubaya zaidi ni kwamba mbu hufuata pumzi, joto na harufu ya mwili kuliko mwanga. Wanaokaangwa humo wengi ni nondo na wadudu wasio na hatia. Mimi ningeiacha nyumbani.

Badala yake, fungeni chandarua chenye dawa, pindo zake zikiwa zimechomekwa chini ya godoro, kisha mwelekeze miguuni feni ndogo ya volti 12, ya wati 5, kwa maana mbu ni dhaifu wa kuruka na upepo mdogo humshinda; usiku kucha haitazidi Wh 50. Nje, tumieni taa ya njano yenye mwanga hafifu, iwekwe mbali na mlango. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe kamwe ndani ya gari lililofungwa.