Dari ya vipele: pima kwanza, funika baadaye

Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa ndugu zetu walionunua nyumba za zamani Uingereza, zile zenye dari iliyopakwa plasta ya mapambo inayojulikana kwa jina la Artex: vipele, duara, mawimbi, au ncha kali zinazochuna mkono. Kila mtu anataka dari nyororo, na kila mtu ana haraka.

Shikamoo fundi. Tumenunua nyumba Leicester, imejengwa 1974. Fundi anasema atapiga bodi za jipsamu juu ya ile Artex, kisha plasta laini, siku mbili kazi imekwisha. Tumkubalie?

Marahaba, mwanangu. Msimkubalie bado. Mwulizeni dari imepimwa asbesto, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake huua, au haijapimwa. Akijibu kwamba bodi inafunika kila kitu, basi huyo hajui kazi yake inaanzia wapi.

Artex ya miaka hiyo ilichanganywa asbesto nyeupe ili ishike vizuri. Watengenezaji waliacha kuitia katikati ya miaka ya 1980, lakini mafundi waliendelea kumaliza magunia waliyokuwa nayo stoo, na asbesto nyeupe haikupigwa marufuku kabisa Uingereza hadi 1999. Kwa hiyo nyumba yoyote iliyojengwa au kukarabatiwa kabla ya 2000 ihesabuni kuwa inayo mpaka maabara iseme haina. Hakuna jicho la fundi linaloweza kuiona, hata awe na uzoefu gani.

Ikiwa imekaa salama juu, imepakwa rangi na haibanduki, Artex haina neno kubwa. Hatari ni kuikwangua, kuipiga msasa au kuitoboa ikiwa kavu. Na kupiga bodi ni kutoboa: dari ya chumba kimoja hula skrubu mia na zaidi, na kila skrubu inapita katikati ya ile plasta. Hapa ndipo maneno ya "tunafunika tu, hatugusi" yanapovunjika. Magonjwa ya asbesto huua takriban watu 5,000 kila mwaka huko Uingereza, na wengi wao walivuta lile vumbi miongo mingi nyuma, wakiwa vijana wenye afya.

Kupima ni gharama ndogo kuliko malipo ya fundi ya siku moja. Maabara hutuma vifaa kwa posta. Lowesha mahali kidogo kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, vaa barakoa ya daraja la FFP3, ile inayochuja vumbi laini, bandua kipande cha ukubwa wa kucha, tia ndani ya mifuko miwili, andika jina la chumba. Chukua sampuli kila chumba, kwa sababu dari za nyumba moja mara nyingi zilipakwa miaka tofauti na watu tofauti.

Majibu yakisema ipo, bado mnaweza kufunika, lakini kwa fundi aliyefunzwa kazi ya asbesto. Kanuni za Udhibiti wa Asbesto za 2012 zinambana yeye anayelipwa, hata kama nyumba ni yenu. Mtazameni anavyofanya: kabla ya kutoboa anapaka mahali pa tundu uji mzito wa gundi ya karatasi za ukutani, au povu la kunyolea ndevu, ili vumbi linase humo, kisha anafuta kwa kitambaa kibichi. Akija na brashi kavu na ufagio, mrudisheni mlangoni. Mabaki hayaendi kwenye pipa la taka la nyumbani. Pigieni kaunsili, yaani serikali ya mtaa, wawaelekeze.

Jambo la mwisho ambalo hamkuliuliza: andikeni. Wekeni karatasi kwenye kabati la mita ya umeme, iseme chini ya bodi hii kuna asbesto. Miaka kumi baadaye atakuja fundi wa umeme kukata matundu ya taa, na haitamwingia akilini kwamba nyuma ya dari nyeupe kuna kitu.

Bodi ya milimita 9.5 au 12.5?

12.5. Ile nyembamba ni nyepesi kuinua, lakini hulegea kati ya boriti moja na nyingine.

Kwa nini nisipige plasta laini moja kwa moja juu ya Artex? Bodi za nini?

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara muulizaji hasemi dari yake ikoje. Imeshika au inabanduka? Imepakwa rangi gani? Ina nyufa? Bila hayo sina la kujibu.

Kama ni ngumu, haina nyufa na rangi yake haitoki kwa maji, basi ndiyo, na mimi naona ni bora kuliko bodi: matundu hakuna, uzito ni mdogo, na urembo wa pembezoni haupotei. Fundi apake kwanza ile gundi yenye mchanga inayoshikisha plasta, aache ikauke, kisha plasta koti mbili. Penye ncha ndefu, mabonde kati yake yajazwe kwa koti nene. Kuzikwangua kavu ni marufuku ikiwa hamjapima. Kama dari inaning'inia au inasikika tupu ukiigonga, plasta mpya itaanguka pamoja na ile ya zamani.

Skrubu za urefu gani? Nina boksi la milimita 35.

Hizo ziweke kwa kazi nyingine. Bodi mpya ni 12.5, bodi ya zamani na Artex yake hufika kama 15, na skrubu iingie ndani ya mbao si chini ya 25. Jumla inavuka 50, kwa hiyo nunua za 60. Nyumba za enzi ya Victoria zenye dari ya fito na chokaa zinataka ndefu zaidi. Na mshiko uwe kwenye boriti. Fito zenyewe hazibebi bodi. Boriti mara nyingi zimeachana kama milimita 400. Zitafute bila kutoboatoboa: misumari ya sakafu ya ghorofani imepangika juu yake, pima kutoka hapo, kisha vuta uzi wa chaki kabla ya kuinua bodi ya kwanza.

Tulifunika dari miezi miwili iliyopita. Sasa kuna ufa ulionyooka kama rula katikati ya sebule.

Huo ni mwungano wa bodi. Ama hakukubandikwa mkanda wa wavu, ama bodi zilipangwa miungano ikafuatana mstari mmoja badala ya kupishana, ama ukingo haukuangukia kwenye boriti. Bonyeza kwa kiganja kando ya ufa. Ikicheza, ongeza skrubu kwanza. Ikiwa imetulia, fungua ufa, bandika mkanda, piga plasta upya eneo pana.

Kuna doa la maji chini ya bafu. Nifunike tu?

Hapana. Ziba bomba.

Nimepanga chumba Reading, dari inaniudhi.

Dada, dari si yako. Mwandikie mwenye nyumba, na usitundike chochote juu.

Nyumba ya wazee Tanga ina siling bodi za zamani. Nataka jipsamu juu yake kama mnavyofanya Ulaya.

Kaka, usiige. Hizo bodi zimepigiliwa kwenye mbao za mbili kwa mbili, na nyingi zimeshaliwa na mchwa. Ziteremshe zote, kagua mbao, ziba matundu ya misumari kwenye bati, ndipo ufunge jipsamu. Lakini kama paa ni la asbesto, usipande kufagia juu ya dari. Vumbi la miaka limelala pale.

Nipake rangi lini?

Plasta mbichi ina waridi iliyokolea; subiri ipauke yote, hata kwenye kona. Koti la kwanza liwe rangi ya maji isiyong'aa, iliyopunguzwa kwa maji mpaka iingie ndani ya plasta. Ukianza na rangi nzito ya kung'aa, itabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Na usipake gundi ya PVA, ile gundi nyeupe ya maji, kabla ya rangi, hata kama fundi ameapa.