Simu za video kutoka nje kuingia chumba kisicho chake: tatizo si bando

Mkuu, nimesoma swali lako. Ofisi iko Nyegezi, vyumba vya mikutano vina mitambo ya video, mkipigiana ndani kwa ndani mambo safi. Wenzenu wa Kisumu na Jinja wakipiga, mara simu inaangukia chumba cha bosi, mara haiiti kabisa. Na usiku skrini zinajiitia zenyewe. Wachangiaji wa juu wanakwambia uongeze kasi ya intaneti. Mimi mitambo hii ndiyo kazi yangu hapa Mwanza, na nakwambia hela hiyo ibaki mfukoni. Simu yako ya nje haijaelekezwa pa kwenda, basi.

Nianze na hizo za usiku maana ndizo zinazozusha maneno. Kuna ofisi Capri Point mlinzi aligoma kabisa kukaa karibu na ukumbi. Saa nane usiku luninga inawaka, inaandika "100" anapiga, ukipokea ni giza tupu. Watu walishaanza kutajana majina, nani kaleta nini. Nikafungua kumbukumbu za mtambo: huyo "100" kapiga moja kwa moja kwenye anwani ya IP (namba inayotambulisha mtambo kwenye intaneti), na ndani ya dakika hiyohiyo kajaribu 1000, kajaribu admin, kisha namba ndefu zinazoanza na 00. Hizo ni programu zinazotembea intaneti nzima zikigonga poti 5060, mlango wa SIP (lugha ambayo mitambo hii hupigiana), zinatafuta mtambo utakaoziruhusu kutoka na simu za kimataifa kwa bili yako. Kama mtambo wenu umeunganishwa na laini za simu za kawaida, hili lishughulikie leo kabla ya mengine yote.

Sasa za halali. Acha kuwapa wageni namba ya IP. IP inamleta mtu mpaka kwenye jengo, haisemi anataka chumba gani. Wape anwani iliyokaa kama barua pepe: jina la kikao, alama ya @, kisha domeini yenu. Mfumo wa nje ukishaipata unauliza DNS, daftari la majina ya intaneti: simu za domeini hii zinapokelewa na nani? Jibu hukaa kwenye rekodi za SRV, yaani mistari ya DNS inayotaja huduma fulani iko seva gani na poti gani. _sips._tcp ielekeze poti 5061, _sip._tcp ielekeze 5060, na kwa wenye mitambo ya zamani ya H.323 (lugha nyingine ya simu za video) weka _h323cs._tcp kwenda 1720. Zote zielekee seva moja ya mpakani, ile inayosimama kati ya intaneti na mtandao wenu, kamwe si mtambo wa chumbani. Usipoziweka, mpigaji wa SIP anaishia kujaribu anwani ya domeini yenyewe, ambayo kwa ofisi nyingi ni seva ya tovuti iliyokodishwa huko ng'ambo. Pale hakuna wa kupokea. Nahisi hapo ndipo simu za Jinja zinapofia. Kagua kwa nslookup (amri ya kuuliza DNS) ukitumia data ya simu yako, usitumie mtandao wa ofisi, kwa sababu DNS ya ndani inaweza kukupa jibu ambalo mtu wa nje halioni.

Simu ikishafika mpakani, zamu ya kanuni za kuelekeza simu, na mpangilio wake ndio kila kitu. Ya kwanza: anwani ikilingana herufi kwa herufi na chumba kilichoorodheshwa, ipitishe. Kabla ya kulinganisha ikate mkia, maana baadhi ya mifumo huleta jina na domeini halafu ikabandika ":5061" nyuma, kanuni yako ikaikataa bure. Ya pili: aliyepiga kwa IP tupu apelekwe kwenye mapokezi ya sauti, aombwe namba ya kikao. Ya mwisho: kisichojulikana kikataliwe. Chumba cha bosi kinapigiwa ovyo kwa sababu kuna fundi aliweka kwamba simu isiyo na mwenyewe iende pale. Iondoe hata kama bosi ataona ameshushwa hadhi. Na simu iliyotoka nje isiguse kamwe kanuni inayotoka kwenda laini za kawaida.

Fayawoli kwa haraka: zima SIP ALG kwenye ruta, kile kipengele kinachojaribu kurekebisha ujumbe wa SIP unapopita. Ukiona simu inapokelewa, wewe unamwona mwenzako ila yeye hakuoni wala hakusikii, anzia hapo, kwani ALG huchezea anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa SIP. Kisha hakikisha poti za UDP za picha na sauti zimefunguliwa kwenye seva ya mpakani peke yake.

Mwombe mtu wa Kisumu apige mara moja kwa jina, mara moja kwa IP, wewe ukiwa umefungua kumbukumbu. Ikigoma, bandika hapa mistari ya simu iliyokataliwa tuione. Ila futa IP yenu kwanza, mkuu, wale wa usiku nao wanasoma majukwaa.